Barua ya wazi kwa wakubwa wa jukwaa la mauzo mtandaoni: Tanzania mmeifungua, Mtwara mmeiacha getini

Kwa: Mkurugenzi wa Afrika Mashariki, na wote mnaoshughulika na wauzaji
Kutoka: Mbanguaji mdogo wa korosho, Chuno, Mtwara
Yah: Pesa yetu, nyota zetu na mikono ya shangazi yangu

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Jina la kampuni yenu sijaliandika na kwa leo sitaliandika, nyie mnajijua, na wauzaji wenzangu wa kusini wakisoma nusu ukurasa tu watawajua, ila nimewaachia nafasi mjibu kabla hayajafika mbali.

Mi ni mama wa korosho. Kikundi chetu tulianza kumi na moja, tunabangua kwa mashine za mkono nyuma ya nyumba yangu hapa Chuno, tunakausha, tunamenya, tunachambua, tunafunga pakti za nusu kilo na robo. Usajili wa biashara wa BRELA upo, alama ya ubora ya TBS ipo, bakodi ipo ile inayoanza na 620, yani kila karatasi mliyosema tuitafute tuliitafuta na nyingine tulizitafuta mara mbili.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu kule ndani nimeshamaliza. Barua pepe nimewatumia 11. Chati na roboti lenu sihesabu tena. Agosti mwaka jana nikapanda basi la alfajiri, kilomita zaidi ya 550 mpaka Dar, nikalala kwa mdogo wangu Mbagala, asubuhi nikaja ofisini kwenu na bahasha yangu ya skrini shoti nimezichapisha kabisa kwa rangi. Askari wa getini akapiga simu ndani, akasikiliza, akaniambia mama, hawa hawapokei wateja hapa, nenda kwenye apu. Nikamwambia mwanangu mi sio mteja, mi ndo nawauzia. Akacheka, akanitafutia kiti, akanipa maji. Mpaka leo huyo ndo mtu pekee wa kampuni yenu niliyewahi kumuona kwa macho, na nahisi hata yeye ni wa kampuni ya ulinzi.

Kabla sijaanza kuhesabu malalamiko niseme kitu kimoja maana najua mtadhani nalia kwa sababu sijui biashara ya nje. Sisi watu wa huku nje tumeijua zamani. Hilo neno machinga mnaloliona magazetini watu husema limetoka kwetu kusini, vijana wa Lindi waliobeba bidhaa begani wakaenda kuuza Dar. Bibi zetu wameuza ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, kabla hakujawa na Daraja la Umoja, lilipofunguliwa 2010 sisi tulikuwa tunaona mmetuongezea barabara tu, njia ya biashara ilikuwepo. Majahazi ya Komoro tunayajua. Biashara ndogo ndo inavyotoka hivyo, inaanza kwa jirani, kwa mtu mnayeelewana lugha au mmeoleana, inakopesha kidogo, inaibiwa kidogo, inajifunza, ndo inasogea mbele. Ila tangu vurugu za Cabo Delgado kule Msumbiji zianze 2017 upande ule umekuwa mgumu, wengi wetu tukabaki na bidhaa na hatuna pa kuisogeza.

Ndo mkaja nyie. Februari 2023, ukumbini, soda na sambusa, kijana wenu mmoja mchangamfu sana akasimama akasema mtu wa Mtwara sasa atauza Nairobi na Muscat bila kunyanyuka kwenye jamvi lake. Tulipiga makofi. Mi nilipiga mpaka nikaona aibu.

Haya sasa malalamiko.

1. Fomu yenu haiijui Mtwara

Kwenye usajili kuna sehemu ya kuchagua mji. Ipo Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, Zanzibar. Mtwara hamna, Lindi hamna, na bila kuchagua haikupeleki mbele. Kijana wenu akasema weka Dar tu mama, haina shida. Nikaweka Dar. Miezi minne baadaye akaunti ikasimamishwa kwa sababu anwani ya kwenye fomu haifanani na anwani ya BRELA! Nikatuma leseni, nikatuma barua ya serikali ya mtaa, roboti likajibu kwa Kiingereza kwamba nyaraka hazisomeki. Zinasomeka. Ziko kwa Kiswahili. Hilo lilikwisha baada ya wiki tano na sijui lilikwishaje, siku moja niliamka nikakuta imefunguliwa.

2. Mei 2024

Hili nitalieleza taratibu maana ndo limenifikisha hapa.

Kituo chenu cha kupokelea mizigo ni kimoja tu, kipo Dar, na masharti yenu ni kwamba oda ikiingia mzigo uwe kituoni ndani ya saa 72. Kwa mtu wa Sinza saa 72 ni starehe. Kwangu mimi ni kufunga usiku, kuwahi ofisi ya basi alfajiri, kumwomba kondakta asiweke juu ya katoni mifuko ya samaki, halafu kumlipa bodaboda wa Dar akachukue stendi apeleke kwenu, na tuliweza, kwa mwaka mzima tuliweza, nyota zetu zilikuwa 4.7 na maoni ya wateja yapo mkayasome.

Mwanzoni mwa Mei zikaingia oda nyingi kwa mkupuo, duka moja la Nairobi lilitaka pakti 60. Tukafunga katoni nne zitoke Jumapili. Jumamosi tarehe 4 kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu, mvua haikatiki, na barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Kilwa. Magari yakasimama huku na huku, watu wakalala njiani, hilo halikuwa siri, lilikuwa kwenye kila redio na kila simu ya nchi hii. Katoni zangu nne zikakaa ofisi ya basi hapa Mtwara na mimi nikawa naenda kuziangalia kila asubuhi kama mgonjwa.

Saa 72 zikaisha. Mfumo ukafuta oda zote, ukanikata faini asilimia 15 ya kila oda, nyota zikashuka mpaka 3.1, na kwa kuwa zimeshuka chini ya 3.5 duka likafichwa na salio likafungwa. Yote hayo yamefanyika usiku mmoja na hakuna binadamu aliyegusa.

Mkaniambia naweza kupinga ndani ya siku saba. Sawa. Jumapili tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, nchi nzima mtandao ukawa wa kuombea, huku kwetu ndo kabisa, ukurasa wenu wa kupinga unataka nipakie video. Video! Nimekaa juu ya ndoo karibu na mnara wa simu saa tisa usiku na mwanangu ameshika tochi, ikapanda mpaka asilimia 80 ikarudi sifuri. Ilipokuja kupanda, siku saba zimepita, jibu likaja ndani ya dakika moja kwamba muda umekwisha.

Nimeona kwamba mwezi wa kumi na moja kwenye maofa yenu makubwa huwa mnaongeza siku za kupeleka mzigo kwa wauzaji wote. Kwa hiyo kitufe cha kuongeza siku kipo. Kuna mtu anakibonyeza. Nataka kujua kwa nini hakikubonyezwa barabara ilipokatika.

3. Pesa

Salio lililofungwa ni shilingi 1,846,300. Sio oda zilizofutwa hizo, hapana, hizo ni pakti zilizouzwa Machi na Aprili, zikafika, zikaliwa, wateja wakasifia. Kwenu inaweza kuwa ndogo. Kwangu ni korosho ghafi za msimu na ujira wa watu kumi, na wawili wameshaondoka, siwalaumu.

Hata kabla ya kufungwa malipo yenyewe yalikuwa kizungumkuti. Mnunuzi wa Nairobi analipa kwa simu, sekunde kumi imeisha. Mimi nalipwa baada ya siku 45, kwa akaunti ya benki ya dola, shilingi ya Kenya imegeuzwa dola, dola imegeuzwa shilingi yetu, kila ikigeuka inadondosha kitu njiani. Nikiuliza kwa nini msinilipe kwa simu wakati namba yangu ndo mliyonisajilia, naambiwa huduma hiyo bado haijafika soko langu. Soko langu lipi, mama ntilie wa hapa stendi analipwa kwa simu.

4. Kamisheni, au kangomba mpya

Tulianza na asilimia 12. Machi 2024 ikaja barua pepe usiku, kwa Kiingereza, kuanzia kesho ni 19. Naomba nipige hesabu hapa hadharani, pakti ya nusu kilo inauzwa 18,000.

Kamisheni 3,420. Ada ya malipo 540. Ada ya kituo 900. Pakti na lebo 1,500. Basi na boda kwa kila pakti kama 500. Inabaki 11,140. Nusu kilo ya korosho karanga, yani iliyobanguliwa, inatokana na kilo mbili na nusu za ghafi zenye ganda, kwa bei niliyonunulia mimi ni 8,500. Imebaki 2,640. Hapo mbanguaji hajalipwa, mchambuaji hajalipwa, mkaa, umeme, na zile pakti moja mbili ambazo watoto wa jirani wanakula.

Ndugu Mkurugenzi huenda hujui kangomba ni nini. Ni bakuli. Mlanguzi anakuja kwa mkulima miezi ya njaa kabla ya msimu, anasema bakuli hili ni kilo, mkulima anaona kabisa kwamba limezidi kilo lakini mtoto anataka ada ya shule, anajaza bakuli anapokea hela. Serikali imeipiga vita miaka na miaka, ndo moja ya sababu tuna stakabadhi ghalani tangu 2007, yani mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa risiti ndo ziuzwe, na minada ya vyama vya ushirika. Sasa mimi nimekwepa kangomba ya Newala nikaja kuikuta kwenye simu, bakuli ni lenu, mnalipanua usiku, na mkulima anaambiwa asipokubali masharti mapya abonyeze hapa kufunga akaunti.

5. Mikono ya shangazi

Kuna picha niliipiga mwenyewe ya mikono ya shangazi yangu ameshika korosho. Mnaojua kazi hii mnajua mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, vidole vyake vya kulia vimekuwa vyeusi na ngozi imekakamaa, kidole gumba kina kovu refu la mwaka 1994. Wateja waliipenda ile picha.

Mwezi wa tatu mwaka huu mteja wangu wa zamani ananitumia linki, ananiuliza mmehamia wapi. Nafungua nakuta duka la nchi nyingine kabisa, humo humo kwenye jukwaa lenu, linauza “korosho za Mtwara” na picha ni mikono ya shangazi, kovu hilo hapo. Wameandika daraja W240, maana yake punje kama 240 kwa pauni, zile kubwa kubwa, halafu picha ya pili ni vipande. Na duka hilo mmeliweka juu kabisa sababu linalipia matangazo. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa, hiyo tumeizoea, inauma lakini tumeizoea. Ila hii ya mikono kuondoka pia, hapana. Nimeripoti mara tatu. Jibu: picha haikiuki sera. Shangazi nilimuonyesha akaangalia sana akasema, “Hawa wangeniomba ningewapa hata mguu, ila wasiseme mi nafanya kazi kwao.”

Sasa najua mtakavyojibu kwa hiyo nijibu mapema.

Mtasema sera ni moja dunia nzima. Angalieni M-Pesa, ilizaliwa Kenya 2007 ikawaka kama moto wa nyika, mwaka uliofuata ikaletwa kwetu na ikachukua muda kukolea, wakaipeleka Afrika Kusini 2010 na mwaka 2016 wakaifunga. Kampuni zenye hela na majina makubwa, bidhaa ile ile. Nchi hazifanani, wenye benki mkononi hawahitaji unachohitaji wewe. Sa kama hilo liliwashinda wao nyie sera yenu moja mmeitoa wapi? Apu kweli inafunguka nchi mpya kwa siku moja, hilo nakubali, ila wauzaji hawaji na apu, mawakala hawaji na apu, barabara haiji na apu. Hivyo vinajengwa mji kwa mji.

Mtasema nyie ni wa teknolojia tu, mnaunganisha mnunuzi na muuzaji. Anayeunganisha tu hashiki pesa zangu mwaka mzima.

Mtasema sheria na kodi za Tanzania zinawabana. Labda. Mwaka 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, waliweka ukomo wa kamisheni za teksi mtandao asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma Aprili, wakakaa mezani na serikali, ukomo ukapandishwa, Januari 2023 wakarudi. Sisemi nani alikuwa sahihi, nasema kampuni ikitaka kuzungumza inajua mlango ulipo. Sisi ndo hatuujui mlango wenu, tunamjua askari.

Na mtasema soko la kusini bado dogo. Hili ndo linalonitisha kuliko yote, maana nakumbuka Jumia, Novemba 2019 walifunga Tanzania kwa kusema wanaelekeza nguvu masoko mengine. Ni haki yao, biashara ni hesabu. Lakini ndo maana siwezi kukaa kimya na pesa yangu iko ndani kwenu, siku mkiamka mkaona Tanzania yote ni ndogo mimi nitamfuata nani?

Ninachoomba ni hiki, na ni ndani ya siku 30 kuanzia leo:

(a) Shilingi 1,846,300 zilipwe zote, na faini za Mei 2024 zifutwe kwa kila muuzaji wa Mtwara na Lindi, sio mimi peke yangu. Nyota zirudi zilipokuwa.

(b) Picha ya shangazi itoke. Hili msisubiri siku 30, litoke kesho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake ipo, pakushtaki tunapajua.

(c) Wauzaji tulipwe kwa simu kama mnavyopokea kwa simu.

(d) Mtwara na Lindi ziwekwe kwenye listi ya miji. Hii nadhani ni kazi ya mchana mmoja kwa kijana mmoja.

(e) Wakala hapa. Sio jengo. Chumba kimoja, mizani, na mtu anayejua Kiswahili mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Saa 72 zianze kuhesabiwa mzigo ukipokelewa kwake, na barabara ikikatika tena, maana itakatika tena, awe na kile kitufe.

Kamisheni siombi irudi 12 kwa lazima. Naomba ikipanda tuambiwe miezi mitatu kabla, kwa Kiswahili, mchana.

Siku 30 zikipita tutapeleka haya yote Tume ya Ushindani na kwenye tume ya taarifa binafsi, na jina lenu nitaliandika kwa herufi kubwa. Tumeshajiorodhesha wauzaji 23, wa hapa, Masasi, Newala, Mtama na Lindi mjini, kila mtu na skrini shoti zake.

Wengine wananiambia achana nao, rudi kwenye maonyesho ya Nane Nane na wateja wa uwanja wa ndege. Nauza huko pia. Lakini lile duka la Nairobi la pakti 60 bado linanipigia, juzi yule mama mwenye duka kaniuliza dada lini, nikamwambia subiri kidogo. Tumeshazungumza naye njia nyingine, atanitumia hela kwa simu na mimi nitapakia kwenye basi, tutaona ya mpakani yakoje. Nyie mngekuwa katikati mngepata asilimia zenu.

Minada ya msimu inaanza Oktoba. Mpaka hapo niwe nimejua kama nanunua ghafi kwa hela yangu au nakopa. Namba yangu ya muuzaji mnayo, ya simu mnayo, napatikana saa zote isipokuwa saa za swala.

Wako katika kazi,

Mama wa korosho, Chuno, Mtwara
(kwa niaba ya kikundi, tuliobaki tisa)

Nakala: wauzaji wenzangu 23, na yule askari wa getini kama bado yupo zamu ya asubuhi, asante kwa maji.